Je, Wajua? Mkanda Hulia, Mgonjwa ni Mwingine

Saa kumi na mbili asubuhi mtaa bado haujachangamka. Jirani anawasha gari. Injini inashika, na papo hapo unatoka mlio mwembamba, mkali, unaopenya madirisha ya nyumba tatu. Mtoto anashtuka usingizini. Baada ya dakika moja kimya kinarudi, na jirani anaondoka akiamini gari limejiponya lenyewe. Kesho yake ni yale yale. Mwisho wa mwezi ananunua mkanda mpya, mlio unatulia wiki mbili, kisha unaanza upya, na sasa lawama zinamwendea muuza vipuri kwamba ameuza mkanda feki.

Huenda hata ule wa kwanza ulikuwa mzima. Mkanda wa injini una sauti kubwa kuliko vifaa vyote unavyovizungusha, kwa hiyo mara nyingi ndio unaolilia matatizo ya vingine. Anayeujua vizuri mlio huo huokoa fedha, na wakati mwingine huokoa injini nzima.

Je, wajua kwamba kile mafundi wanachokiita feni belti, katika magari mengi madogo ya leo hakizungushi feni yoyote? Jina hilo ni la enzi ambazo injini ililazwa kwa urefu wa gari: mbele yake feni, mbele ya feni rejeta, na mkanda mmoja ukazungusha feni pamoja na dainamo. Injini za magari madogo zilipogeuzwa na kulazwa kwa upana, upande wenye puli ukaelekea kwenye tairi, na feni ikabaki nyuma ya rejeta ikizungushwa na mota yake ya umeme. Mkanda ukapoteza feni, jina likabaki. Katika Land Cruiser na Hilux nyingi za dizeli feni bado inazungushwa na injini, na hapo jina lina haki yake.

Kazi za mkanda wa leo ni nzito kuliko kupepea rejeta. Unazungusha alteneta inayochaji betri, kompresa ya AC, pampu ya usukani katika magari yasiyo na usukani wa umeme, na katika injini nyingi pampu ya maji pia. Ukikatika njiani, taa nyekundu ya betri inawaka, usukani unakuwa mzito ghafla, na kama pampu ya maji nayo iliutegemea, sindano ya joto inaanza kupanda. Dereva asiposimama mapema gari linachemsha, na gasketi ya silinda hedi inaungua. Bei ya mkanda na bei ya matengenezo hayo ni mbali kama ardhi na mbingu.

Je, wajua kwamba mkanda unaolia na zeze la Wagogo hutoa sauti kwa njia moja? Upinde wa zeze haupiti tu juu ya uzi. Unaunasa, unauvuta pembeni, na uzi ukishavutika vya kutosha unaponyoka na kurudi, kisha unanaswa tena. Hayo hutokea mamia ya mara kwa sekunde moja, hivyo sikio halisikii kunaswa wala kuponyoka. Linasikia sauti moja inayoendelea. Katika karne ya 19 mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz aliuchunguza mwendo huo kwenye uzi wa fidla, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, alilipeleka zeze kwenye majukwaa ya Ulaya, na watu wakasikiliza kwa utulivu msuguano uleule ambao chini ya boneti tunauita kelele.

Bawaba ya mlango inayolia, chaki inayokwaruza ubaoni, raba za wachezaji wa mpira wa kikapu kwenye sakafu: zote ni familia hiyo. Mpira wa mkanda unaishika puli, unanyumbuka, unaponyoka, unashika tena. Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalifikirii. Ili mlio utokee, lazima kuwe na kushika na kuponyoka kwa pamoja. Mkanda unaoshika barabara hauna sauti. Mkanda uliojaa mafuta nao unaweza kukosa sauti, lakini huo haufanyi kazi. Unateleza kimya kimya huku betri ikiisha chaji. Kwa hiyo kimya peke yake hakithibitishi kwamba gari limepona.

Je, wajua kasi ya mkanda huo? Tuchukue puli ya krenkshafti (shafti kuu ya injini) yenye kipenyo cha sentimita 15 na mkanda wenye urefu wa mita 1.2, vipimo vya kawaida kabisa. Gari likiwa limesimama na injini ikizunguka mara 700 kwa dakika, mkanda unakimbia karibu kilomita 20 kwa saa. Dereva anapofikisha mizunguko 3,000, mkanda unakimbia karibu kilomita 85 kwa saa, na kila sehemu yake inapita njia nzima, kona zote, zaidi ya mara 19 kwa sekunde. Kwa saa moja ya safari ya namna hiyo inapita zaidi ya mara 70,000. Kasoro ndogo kwenye puli moja, kokoto iliyonasa kwenye mfereji au kutu iliyochubuka, inaukwaruza mkanda maelfu ya mara kabla hujafika Chalinze.

Hesabu hiyo ina faida nyingine kwa mwenye sikio zuri. Gari likiwa limesimama, mkanda wetu wa mfano unamaliza mzunguko wake karibu mara 5 kwa sekunde, ilhali puli ya krenkshafti inazunguka karibu mara 12, na puli ndogo ya alteneta mara nyingi zaidi. Mlio wa polepole unaorudi kwa mpangilio huenda unatokana na sehemu moja mbovu ya mkanda wenyewe. Mlio wa harakaharaka unakuelekeza kwenye puli.

Je, wajua kwa nini hulia asubuhi na kunyamaza baadaye? Sababu ni zaidi ya moja, na zote hukutana dakika ileile. Usiku umeacha unyevu kwenye mpira na kwenye puli. Mpira wenyewe umepoa, na mpira baridi ni mgumu, haukumbatii puli vizuri. Kubwa zaidi ni betri. Starta imetoka kuinyonya umeme mwingi kwa sekunde chache, na injini ikishika tu alteneta inaanza kuurudisha kwa nguvu. Alteneta inayotoa ampea 100 kwa volti 14 inazalisha wati 1,400, kiasi cha pasi ya umeme ya nyumbani, na nguvu yote hiyo inapita kwenye upana wa mkanda usiozidi vidole viwili. Ongeza taa na AC iliyoachwa imewashwa tangu jana, na mkanda uliolegea kidogo hauna budi kuponyoka. Betri ikishajaa kiasi na unyevu ukikauka, mzigo unapungua na mlio unakata.

Kwa hiyo gari halikujiponya. Limepunguziwa mzigo tu. Kwa maoni yangu, mlio wa sekunde chache asubuhi ya masika si wa kutisha. Mlio wa dakika nzima kila siku, hata kiangazi, ni ombi la kufunguliwa boneti. Na ukiusikia unapokunja usukani mpaka mwisho wakati wa kuegesha, au pale AC inapoingia kazini, ujue maana ni ileile: mzigo umezidi uwezo wa mkanda kushika.

Je, wajua kwamba mabaharia walijua siri ya mkanda kabla ya kuwapo kwa injini? Tazama jahazi likifunga gatini Lamu au Unguja. Baharia haivuti kamba kwa mabavu. Anaizungusha kwenye nguzo, na mtu mmoja anazuia chombo chenye tani kadhaa. Mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler, aliyeishi kati ya mwaka 1707 na 1783, ni miongoni mwa walioitafutia kanuni nguvu hiyo. Kwa msuguano wa kawaida wa kamba na mti, mzunguko mmoja unazidisha nguvu yako zaidi ya mara 6. Mizunguko miwili inaizidisha mara 43. Mitatu, zaidi ya mara 280. Haijumlishwi, inazidishwa.

Kwenye injini kanuni hiyo inafanya kazi kinyume cha matakwa yetu. Mkanda hauwezi kuizunguka puli mara tatu. Wakati mwingine hata nusu ya mzunguko haufikii. Puli ya krenkshafti ni kubwa na inakumbatiwa vizuri. Ya alteneta ni ndogo kuliko zote na ina mzigo mkubwa, kwa hiyo kuteleza huanzia hapo. Zile puli tupu unazoziona zikizunguka bila kuzungusha kitu chochote hazikuwekwa kama mapambo: nyingine zimewekwa ili kuukunja mkanda uzikumbatie zaidi puli zinazofanya kazi. Puli hizo zina beringi, na beringi zake huchakaa. Nimewasikia watu wakiziita za bure. Si za bure hata kidogo.

Je, wajua kwamba maji kidogo yanaweza kukuambia ugonjwa uko wapi? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo fedha nyingi za wenye magari zinapopotelea.

Kuna milio miwili ambayo watu huichanganya. Wa kwanza ni yowe: mrefu, mkali, unaopanda dereva anapokanyaga mafuta. Wa pili ni kama wa kifaranga: mfupi, unakatika na kurudi, pi-pi-pi, na unaongeza haraka yake kadiri injini inavyoongeza mizunguko. Yowe kwa kawaida ni la mkanda unaoteleza kwa sababu ya kulegea. Mlio wa kifaranga kwa kawaida ni wa mkanda unaoingia kwenye puli kwa pembe, kwa sababu puli mojawapo haiko kwenye mstari mmoja na wenzake. Pengine alteneta ilifungwa tena bila washa yake. Pengine beringi ya tenshena, kifaa kinachoukaza mkanda, imelegea na puli yake imeinama.

Chukua chupa ya kupulizia maji, ile ya saluni au ya kunyunyizia nguo za kupiga pasi. Injini ikiwa inazunguka bila kukanyagwa mafuta, pulizia maji kidogo kwenye upande wa mkanda wenye matuta, mbali na alteneta yenyewe, kisha sikiliza. Mlio ukizidi, mkanda umelegea. Mlio ukinyamaza kwa sekunde chache halafu ukarudi, puli hazijanyooka. Mlio usipobadilika kabisa, acha kuulaumu mkanda. Iko beringi inayokufa, ya alteneta, ya pampu ya maji, ya kompresa au ya tenshena. Sababu yake si ngumu. Maji yanalainisha mpira unaojisugua pembeni mwa mfereji, hivyo mkanda uliopinda unatulia kwa muda. Mkanda uliolegea maji hayohayo yanautelezesha zaidi, nao unapiga yowe zaidi. Beringi haijali mkanda umelowa au umekauka.

Kabla ya yote hayo kunja mikono ya shati, funga nywele, vua skafu au tai. Mama mwenye kanga begani aiweke ndani ya gari kwanza. Mkanda unaokimbia kilomita 20 kwa saa unavuta kitambaa na mkono ulio ndani yake kabla mtu hajapiga kelele.

Jambo la kulegea nalo lina pande mbili. Magari mengi mapya yana tenshena ya springi inayoukaza mkanda yenyewe, na springi ikichoka hakuna nati ya kuzungusha; tenshena inabadilishwa. Katika magari kama Vitz, IST au Probox za injini ya 1NZ, mkanda unakazwa kwa kusogeza alteneta kwenye mkono wake. Kipimo cha zamani cha kidole gumba bado kinasaidia: bonyeza kwa nguvu katikati ya sehemu ndefu ya mkanda, nao ubonyee takriban milimita 10. Fundi mwenye hasira na mlio huukaza mpaka unakuwa kama uzi wa gitaa. Kweli unanyamaza. Baada ya miezi michache beringi ya alteneta au ya pampu ya maji inaanza kunguruma, na hakuna anayekumbuka siku ile ya spana.

Je, wajua desturi ya kupaka mkanda sabuni ilikotoka? Mikanda ya kwanza ya mitambo ilikuwa ya ngozi. Ngozi hukauka, hukakamaa na kupasuka, kwa hiyo mafundi wa viwanda waliipaka mafuta ya mbarika, shahamu au utomvu wa miti ili ibaki laini na ishike puli. Kwa ngozi yalikuwa matunzo halali. Wenye kumbukumbu ya cherehani ya miguu wanaujua mkanda mwembamba wa ngozi uliokuwa ukilegea, na jinsi mama alivyoukata kipande na kuunga upya.

Mpira haufuati sheria hizo. Mtu anapopaka sabuni ya mche, mshumaa au girisi kwenye feni belti, anaifanya iteleze bila kunata, na tumeona kwamba kimya cha namna hiyo ni cha uongo. Mafuta ya injini ni mabaya zaidi, kwa kuwa mpira unaotumika kwenye mikanda mingi ya leo huvimba na kulainika ukikaa nayo. Hata zile dawa za kupulizia zinazouzwa kwa ajili ya mikanda huacha unata unaokamata vumbi, na vumbi la barabara zetu likichanganyika na unata huo linakuwa msasa. Mkanda uliomwagikiwa oili au maji ya rejeta hauokolewi kwa kufutwa. Ziba kwanza panapovuja, safisha puli kwa brashi, ndipo uvike mpya.

Je, wajua kwamba mkanda mzima kwa macho unaweza kuwa umekwisha? Hili limebadilika katika kipindi cha maisha yetu, na mafundi wengi wazuri bado wanatumia kipimo cha zamani.

Mwaka 1917, mjini Denver nchini Marekani, John Gates alitengeneza mkanda wa mpira na nyuzi wenye umbo la V, na taratibu ngozi ikaanza kuondoka kwenye magari. Umbo hilo halikuwa urembo. Mkanda bapa unashika puli kwa uso wake tu, lakini kabari inayosukumwa ndani ya mfereji wenye pembe ya nyuzi 40 hivi inabana kuta mbili, na mshiko unakuwa karibu mara tatu. Mikanda ya mashine nyingi za kusaga unga vijijini ni ya aina hii mpaka leo, na yowe lake mwenye mashine anapoanza kazi linajulikana na kila aliyewahi kubeba debe la mahindi kichwani.

Kisha ukaja mkanda mpana, mwembamba, wenye matuta mengi madogo kama shamba la viazi, unaopindapinda kama nyoka na kuzungusha vifaa vyote peke yake. Ford waliuweka kwenye Mustang ya mwaka 1979. Kabla ya hapo injini moja iliweza kuwa na mikanda miwili au mitatu ya V, na aliyetaka kubadilisha wa ndani alilazimika kuvua ya nje kwanza.

Mikanda hiyo ilitengenezwa kwa neoprini, mpira wa maabara uliogunduliwa na kampuni ya DuPont mwaka 1930. Neoprini ikizeeka hupasuka, kwa hiyo fundi alihesabu nyufa na kutoa hukumu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 watengenezaji walihamia mpira mwingine, EPDM, unaostahimili joto zaidi na usiopasuka kirahisi. EPDM huchakaa kama tairi: inalika. Matuta yanapungua, mifereji kati yake inakuwa mipana, mkanda unazama ndani zaidi ya puli na mshiko unapotea, huku uso wake hauna ufa hata mmoja. Kwa hiyo usitafute nyufa peke yake. Pitisha ukucha kwenye mifereji, linganisha na mkanda mpya dukani, tazama kama kingo zinang'aa kama kioo. Kung'aa huko ni alama ya mpira uliounguzwa na kuteleza.

Ukiwa dukani, soma na namba. Mkanda ulioandikwa 6PK1200 una matuta 6 na urefu wa milimita 1,200. PK ni jina la umbo la matuta hayo, ambayo yameachana milimita 3.56. Ukipewa 5PK badala ya 6PK utaingia na utazungusha, lakini kazi ya matuta sita itafanywa na matano. Ukipewa mrefu kidogo, hakuna kukaza kutakakoutosha.

Je, wajua kwamba bisibisi ndefu ni kipimo cha daktari? Mwaka 1816, jijini Paris, daktari René Laennec alikunja karatasi ikawa bomba, akaweka ncha moja kifuani mwa mgonjwa na nyingine sikioni, akausikia moyo waziwazi. Hapo ndipo stethoskopu ilipoanzia. Fundi anayegusisha ncha ya bisibisi kwenye ganda la alteneta na kuweka mpini sikioni anafanya kazi ileile, kwa sababu chuma hupitisha sauti vizuri kuliko hewa. Beringi nzima inavuma kwa upole. Iliyokufa inakoroma kama inasaga mchanga. Njia ya pili ni kuuvua mkanda kabisa na kuwasha injini kwa nusu dakika tu. Mlio ukitoweka, tatizo liko kwenye mkanda au vifaa unavyozungusha. Mlio ukibaki, liko ndani ya injini yenyewe na mkanda umesingiziwa. Kisha, injini ikiwa imezimwa, kila puli inazungushwa kwa mkono. Inayokwaruza, inayocheza au inayogoma imejitaja.

Je, wajua kwamba mkanda huu unaolia si taimingi belti? Mara kwa mara mtu huambiwa taimingi belti inalia, akalipishwa kazi ya siku nzima. Taimingi belti ina meno, imefichwa ndani ya kifuniko, na kazi yake ni kuoanisha krenkshafti na vali. Glas 1004 ya Ujerumani ndiyo gari la kwanza kuuzwa ikiwa na mkanda wa meno wa namna hiyo, mwaka 1962. Kwa kuwa una meno hautegemei msuguano, hivyo hauna sababu ya kupiga yowe la kuteleza. Mara nyingi hukatika bila kutoa neno. Ndiyo maana Toyota nyingi za dizeli, zikiwamo baadhi ya Hiace tulizopanda miaka yote kama daladala na matatu, zina taa iliyoandikwa T-BELT inayowaka kwenye kilomita 100,000. Taa hiyo ikiwaka usisubiri mlio.

Turudi kwenye feni belti. Magari yetu mengi huja yakiwa yametumika, na Kenya inayakubali yakiwa hayajazidi miaka 8. Gari la umri huo linaweza kushuka melini likiwa na mkanda liliotoka nao kiwandani, likang'arishwa rangi na kupuliziwa manukato ndani. Uangalie wiki ya kwanza.

Na kama unaendesha Toyota Aqua, au Prius ya kuanzia mwaka 2009, unaweza kufungua boneti ukautafuta mkanda huu mpaka jioni. Haumo. Pampu ya maji, usukani na kompresa ya AC vinaendeshwa kwa umeme, na hakuna alteneta ya kuzungushwa. Gari la Karl Benz la mwaka 1886 lilisafirisha nguvu ya injini kwa mkanda wa ngozi kabla haijaingia kwenye minyororo ya magurudumu. Zaidi ya miaka 120 baadaye mkanda umeanza kuondoka mbele ya injini, na yowe la asubuhi litaondoka nao.

Wewe ambaye bado unao, kabla hujalipia mkanda mpya mwombe fundi azime injini na azungushe kila puli kwa mkono mbele ya macho yako.